Kuhamia Phoenix: Chagua Mtaa kwa Macho ya Julai

Kuanzia Novemba hadi Machi, Phoenix, katika jimbo la Arizona, Marekani, hujaa watu wanaotafuta nyumba. Hali ya hewa wakati huo ni tamu kweli: asubuhi unavaa sweta, mchana unakaa nje na fulana, jioni unachoma nyama uani. Mgeni anazunguka na gari, anaona nyumba mpya kule mwisho wa mji, vyumba vinne, gereji ya magari mawili, bei nafuu kuliko ya katikati. Anasaini. Julai inamkuta amejifungia ndani mapazia yameshushwa, bili ya umeme inamkodolea macho, na kazini ni safari ya saa nzima kwenda na saa nzima kurudi.

Mwongozo huu ni wa mtu anayehamia huku, awe anatoka Nairobi au Dar moja kwa moja, au amechoshwa na theluji ya majimbo ya kaskazini alikopokelewa kwanza. Msimamo wangu ni mmoja: katika mji wa jangwani mtaa huchaguliwa kwa alasiri ya Julai, si kwa asubuhi ya Januari. Kila hatua hapa chini inatoka hapo.

Hatua ya 1: Ielewe ramani kabla ya bei

Hiyo “Phoenix” inayotajwa na watu si mji mmoja. Jiji lenyewe lilihesabiwa kuwa na watu milioni 1.6 katika sensa ya 2020, na kaunti yake, Maricopa, ilipita milioni 4.4. Limezungukwa na miji mingine yenye mameya wake, polisi wake na sheria zake. Wenyeji huliita eneo lote Bonde, na hulikata vipande viwili. Bonde la Mashariki ni Tempe, Mesa, Chandler, Gilbert, Queen Creek, na Scottsdale kwa upande wa juu. Bonde la Magharibi ni Glendale, Peoria, Surprise, Tolleson, Avondale, Goodyear na Buckeye. Kutoka Buckeye hadi Queen Creek ni safari ya kubeba chakula.

Barabara za mitaani zimenyooka kama rula, na kwa kawaida kuna barabara kubwa kila baada ya maili moja. Central Avenue ndiyo mgongo. Barabara zenye namba zilizo magharibi yake huitwa Avenue, na za mashariki huitwa Street. Kwa hiyo ukisoma tangazo la nyumba lenye “35th”, usiishie kwenye namba. Kati ya 35th Avenue na 35th Street kuna maili saba na nusu hivi, na pango lake wala majirani wake hawafanani. Jamaa akikuelekeza kwake kwa simu akasema “niko thelathini na tano”, mwulize ipi.

Haiwei za kuzijua mapema ni I-10 inayopita kati, I-17 inayokwenda kaskazini, na zile za kuzunguka: Loop 101, Loop 202 na Loop 303. Chora kwenye karatasi. Dakika kumi za kuchora zitakuokoa kwenye maneno ya madalali wanaosema kila nyumba “iko karibu na haiwei”. Karibu nayo ndiyo, lakini ipi, na inakupeleka wapi?

Hatua ya 2: Anza na kazi, kisha angalia jua litakuwa wapi

Usichague nyumba kwanza halafu utafute kazi, kama unaweza kufanya kinyume. Kazi huku zimegawanyika kwa pande. Maghala na vituo vya kusambaza mizigo vimejaa magharibi, Tolleson, Goodyear na kandokando ya Loop 303. Viwanda vya chipu za kompyuta viko ncha mbili: Intel iko Chandler, kusini-mashariki, na kiwanda cha TSMC kiko kaskazini kabisa mwa Phoenix, jirani na makutano ya I-17 na Loop 303. Uwanja wa ndege wa Sky Harbor uko katikati, na Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona kiko Tempe. Kazi za kutunza wazee zipo kila mahali, ila upande wa Sun City, Peoria na Surprise ni nyingi zaidi kwa sababu wastaafu wengi wanakaa huko.

Sasa kuna jambo ambalo ramani ya simu haitakuambia. Ukikaa magharibi na kufanya kazi mashariki, asubuhi utaendesha ukielekea jua linalochomoza, na jioni utarudi ukielekea jua linalozama. Mara mbili kwa siku, miaka yote ya mkataba wako. Kwenye I-10 asubuhi utaona foleni nzima imeshusha vikinga jua na watu wamekunja macho, na kazi inayobaki ni kuomba wa mbele asifunge breki ghafla. Anayekaa mashariki na kufanya kazi magharibi jua linampiga kisogoni safari zote mbili. Kaskazini na kusini hakuna shida hiyo kubwa. Wenyeji wa siku nyingi huizingatia sana hesabu hii, na mimi nawaunga mkono: kama nyumba mbili zinalingana kwa kila kitu, chukua iliyo mashariki ya kazi yako.

Ukishapata mtaa unaoupenda, endesha safari yenyewe kwa saa ya shifti yako. Si Jumapili saa nne asubuhi. Kama shifti inaanza saa kumi na mbili asubuhi, toka saa kumi na moja uone. Kwa wanaopiga shifti ya usiku kuna mzigo mwingine. Wewe utalala mchana, wakati nyumba inapata joto kuliko saa zote, na huwezi kufanya ujanja wa jirani yako anayelegeza kiyoyozi akienda kazini. Chumba chako cha kulala kisiwe upande wa magharibi. Kiwe kaskazini au mashariki, dirisha moja, pazia zito. Nimeona watu wanaohesabu vyumba na mabafu kwa makini, kisha wanalala saa tatu kwa siku kwa sababu kitanda kimeegemea ukuta unaochomwa na jua tangu saa saba mchana.

Hatua ya 3: Kama huna gari, ramani yako ni fupi

Hapa niseme wazi. Sehemu kubwa ya Bonde haikai bila gari. Kiangazi si cha kutembea: mwaka 2023 Phoenix ilipitisha siku 31 mfululizo za nyuzi 110 za Farenhaiti au zaidi, yaani zaidi ya 43 za Selsiasi, na mwaka 2024 zilipita siku 113 mfululizo zisizopungua 100, sawa na 38 za Selsiasi. Dakika kumi na tano kwenye kituo cha basi kisicho na kivuli si jambo la kulibeza, hasa ukiwa na mtoto mgongoni.

Kwa hiyo asiye na gari atafute karibu na reli ya mjini ya Valley Metro. Ilifunguliwa Desemba 2008, na tangu Juni 2025 ina njia mbili. Njia A inatoka katikati ya Phoenix, inapita jirani na uwanja wa ndege, kisha Tempe hadi Mesa. Njia B inatoka kaskazini-magharibi, ikishuka 19th Avenue, hadi Baseline Road upande wa kusini. Tempe ina faida ya ziada, mabasi madogo ya Orbit yanayozunguka mitaani bila nauli. Mwanafunzi au mtu aliyewasili mwezi uliopita namwelekeza Tempe, Mesa ya magharibi, au mitaa ya kando ya Njia B, hata kama nyumba ni ndogo na ya zamani. Pima kwa miguu kutoka mlangoni hadi kituoni, na uangalie kama kuna mti hata mmoja njiani. Buckeye au Queen Creek bila gari, usijaribu.

Mwenye gari naye aulize maegesho yenye paa. Tangazo likisema maegesho ni ya bure bila kutaja paa, gari litachemka nje. Betri huku hufa mapema kwa joto, na kifungo cha mkanda wa kiti kinaweza kumuunguza mtoto paja.

Hatua ya 4: Kagua kiyoyozi kama unavyokagua gari kuukuu

Hii ndiyo hatua ya kukaa nayo muda mrefu. Mwaka 2023 Kaunti ya Maricopa iliandikisha vifo 645 vinavyohusiana na joto. Wengi walifia nje, lakini wapo waliofia ndani ya nyumba zao, na katika nyumba nyingi kati ya hizo kiyoyozi kilikuwepo. Kilikuwa kibovu tu au hakijawashwa. Kiyoyozi huku kihesabu pamoja na paa na maji.

Kwanza jua ni cha aina gani. Baadhi ya nyumba na apatimenti za zamani hazina kiyoyozi cha gesi bali kipoza hewa cha maji: sanduku juu ya paa lenye feni inayovuta hewa kupitia pedi zilizolowa. Juni, hewa ikiwa kavu, linafanya kazi vizuri na umeme linakula kidogo. Ikifika Julai na Agosti, msimu wa monsuni unapoleta unyevu, linapuliza hewa ya uvuguvugu yenye harufu ya majani yaliyooza. Ukiona pango la chini isivyo kawaida, angalia juu ya paa kwanza.

Kama ni kiyoyozi cha kawaida, omba kiwashwe mkiwa bado mnazunguka vyumbani. Beba kipimajoto cha jikoni cha bei ndogo. Pima hewa inayoingia kwenye kichujio, kisha pima inayotoka kwenye tundu la darini. Tofauti ikiwa nyuzi 8 hadi 12 za Selsiasi, mashine iko hai. Ikiwa nyuzi 3 au 4, mashine inahangaika, na ahadi ya “tutarekebisha” uitake kwa maandishi kabla ya kusaini. Vuta kichujio uone: kikiwa cheusi, hiyo ndiyo taarifa ya namna mwenye nyumba anavyotunza mali yake. Kwa anayenunua, soma mwaka wa kutengenezwa kwenye kibandiko cha mashine ya nje. Joto la huku huzimaliza haraka, na iliyopita miaka 12 au 15 uipangie fedha za kuibadilisha.

Kisha uliza kampuni ya umeme. Huchagui wewe, anwani ndiyo inayochagua, ama SRP ama APS, na pengine mtaa mmoja unaangukia kwa mmoja na wa jirani kwa mwingine. Zote mbili zina mipango ambayo umeme hupanda bei saa za alasiri na jioni. Kwa APS, saa hizo kwa kawaida ni saa kumi alasiri hadi saa moja usiku siku za kazi. Wenyeji hupoza nyumba sana kabla ya saa kumi, halafu wanalegeza kidogo na kukaa kimya, bila kuwasha oveni wala mashine ya kufulia, hadi saa moja ipite. SRP ina pia umeme wa kulipia kabla, unaitwa M-Power, na aliyezoea LUKU au tokeni za nyumbani atauelewa siku hiyohiyo. Kwa wanaohudumiwa na APS ipo kinga: sheria hairuhusu wakukatie umeme kwa deni kati ya Juni 1 na Oktoba 15. Deni lenyewe halifutwi, linakusubiri.

Bili ya wastani ya mwaka mzima usiikubali, maana inaficha kiangazi nyuma ya baridi. Sema: “Nionyeshe ya Julai na ya Agosti.” Mwenye nyumba akisitasita, kampuni ya umeme mara nyingi inaweza kukupa picha ya matumizi ya anwani hiyo.

Ndani ya mipaka ya jiji la Phoenix, mpangishaji anatakiwa kuhakikisha kiyoyozi kinaweza kushusha joto hadi nyuzi 82 za Farenhaiti, kama 28 za Selsiasi, na kipoza hewa cha maji hadi 86. Kikiharibika, mwandikie. Simu ni maneno matupu. Barua pepe yenye tarehe ndiyo inayokusaidia mbele ya sheria. Ukiwa mji mwingine wa Bonde, uliza ofisi ya mji huo kanuni yake ni ipi.

Hatua ya 5: Tafuta kivuli, kisha uguse ukuta

Rudi kwenye nyumba uliyoipenda saa kumi alasiri. Ingia chumba cha magharibi, weka kiganja ukutani. Ukuta ukiwa na joto la kikombe cha chai, jua linaingia na utalilipia. Simama nje utazame mtaa: miti iko wapi? Je, mbele ya nyumba kuna changarawe tupu, lami pana, na ukuta wa tofali unaorudisha joto? Lami na zege hulihifadhi joto la mchana na kulitema usiku. Julai 2023 kulikuwa na usiku mfululizo ambao joto halikushuka chini ya nyuzi 90, yaani 32 za Selsiasi. Mitaa yenye miti mikubwa hupata nafuu, isiyo nayo haipati.

Kuna kitu cha ajabu kidogo ambacho mgeni hakitarajii jangwani. Katika mitaa ya zamani ndani ya eneo la SRP, ambayo husambaza pia maji, baadhi ya nyumba zina haki ya kumwagiliwa kwa gharika. Wakati wa joto, kila wiki mbili hivi, mtu hufungua lango dogo la maji kwenye uchochoro, na bustani nzima inafunikwa na maji ya mfereji hadi kwenye kifundo cha mguu. Nyasi zinageuka ziwa, ndege wanashuka, watoto wanacheza. Maji hayo yanatoka mito ya Salt na Verde. Mfumo huu ulishamiri baada ya bwawa la Roosevelt kukamilika mwaka 1911, lakini watu wa Hohokam walichimba mifereji yao katika bonde hili karne nyingi kabla. Mtaa wa namna hiyo, Arcadia kwa mfano, una michungwa na kivuli cha kweli. Arcadia ni ghali mno, lakini ipo mitaa ya kawaida ya Phoenix na Tempe yenye umwagiliaji huohuo. Ukiona kingo ndogo za udongo zimezunguka bustani, umeipata.

Hatua ya 6: Maji (mpangaji ruka, mnunuzi soma mara mbili)

Sheria ya Arizona ya maji ya ardhini ya mwaka 1980 inataka mradi mpya wa nyumba katika eneo la Phoenix uthibitishe kwamba una maji ya miaka 100. Juni 2023 jimbo lilisitisha kutoa vyeti vipya kwa miradi inayotegemea maji ya ardhini peke yake, na walioguswa zaidi ni maeneo ya pembezoni kama Buckeye na Queen Creek. Nyumba zilizokwisha kupewa cheti hazikufutiwa. Kwa hiyo muulize muuzaji cheti, na uulize maji yanatoka wapi: mito, mfereji unaoleta maji ya mto Colorado, au visima.

Wa kumwogopa zaidi ni kiwanja cha bei ya kutupa nje ya mipaka ya miji. Aliyegawa ardhi chini ya vipande sita anaweza kuukwepa uthibitisho huo wa miaka 100. Ndivyo ilivyokuwa Rio Verde Foothills, kaskazini-mashariki ya Scottsdale. Mamia ya nyumba, nyingi za kifahari, zilikuwa zikiletewa maji na malori kutoka Scottsdale, na Januari 1, 2023 mji huo ukafunga bomba. Watu wenye mabwawa ya kuogelea wakaanza kubana maji ya kuoga. Bomba la mji mtaani ni kitu cha kuulizia hata kama nyumba ina bafu nne.

Hatua ya 7: Shule

Mipaka ya shule haifuati mipaka ya miji. Nyumba yenye anwani ya Phoenix inaweza kuwa chini ya wilaya ya elimu yenye jina la mji mwingine, na sehemu nyingi za Phoenix shule ya msingi iko wilaya moja na sekondari iko nyingine. Andika anwani kamili kwenye tovuti ya wilaya uone. Maneno ya dalali usiyategemee. Habari njema ni kwamba Arizona inamruhusu mzazi kuomba nafasi shule iliyo nje ya eneo lake, ikiwa nafasi ipo. Ila mara nyingi basi la shule haliji, utampeleka wewe. Kwa familia yenye gari moja na shifti mbili, shule ya karibu isiyo na sifa kubwa hushinda shule nzuri iliyo maili tisa.

Hatua ya 8: Soma sheria za mtaa kabla ya kufunga mizigo

Mitaa mingi mipya, hasa Gilbert, Chandler, Goodyear, Surprise na Buckeye, iko chini ya chama cha wenye nyumba. Watu wote wanakiita HOA. Chama hiki hutoza ada na kina neno juu ya karibu kila kitu kinachoonekana kutoka barabarani: rangi ya ukuta, majani yaliyoota kwenye changarawe, pipa la taka lililosahaulika nje, gari lililolala barabarani. Mpangaji pia hufungwa na sheria hizo, na faini humfikia kupitia mwenye nyumba.

Wenzetu wanaoendesha malori wazingatie hili kuliko wote. Kichwa cha lori hakiruhusiwi kulala katika mitaa mingi ya HOA hata usiku mmoja, na gharama ya maegesho ya kulipia huongezeka juu ya pango. Waandaaji wa harusi ndogo za nyumbani, maombi ya mkesha na matanga nao wajue kwamba magari ishirini barabarani yatamleta mtu mlangoni. Mitaa ya zamani isiyo na HOA, kama sehemu kubwa ya Mesa ya magharibi, Glendale ya kati au Maryvale, ina uhuru huo, pamoja na jirani anayetengeneza injini uani saa tano usiku. Chagua usumbufu wako.

Usivutiwe na bei za Sun City bila kusoma. Ulifunguliwa mwaka 1960 kwa ajili ya wastaafu, na hadi leo nyumba inatakiwa iwe na mtu wa miaka 55 au zaidi, na watoto hawaruhusiwi kuishi humo. Kwenda kufanya kazi huko ni sawa, kupanga na familia haiwezekani. Karibu nako kuna kambi ya anga ya Luke, inayofundisha marubani wa F-35. Kabla ya kupanga Glendale ya magharibi, Surprise au Litchfield Park, kaa uani siku ya kazi usikie mwenyewe. Mtoto mchanga na F-35 hawapatani.

Hatua ya 9: Vumbi, nge na mabwawa

Kadiri unavyosogea pembezoni, ujenzi na mashamba yaliyolala huongeza vumbi, na kwenye monsuni dhoruba ya vumbi huja kama ukuta wa kahawia. Ndani ya udongo wa huku kuna kuvu wanaosababisha homa ya bonde, ugonjwa wa mapafu: kikohozi, homa na uchovu wa wiki nyingi. Wagonjwa wengi wa Marekani wako Arizona, na watu weusi na wajawazito wako katika hatari zaidi ya kuugua vibaya. Mwenye pumu au mjamzito asikae jirani na viwanja vinavyochimbwa kama ana pengine pa kwenda. Na ukisafiri nyumbani ukaanza kukohoa, mwambie daktari umetoka Arizona, maana huko wa kwanza kushukiwa atakuwa kifua kikuu.

Nge hupenda mitaa iliyojengwa kando ya milima na jangwa, kama Ahwatukee na kaskazini mwa Scottsdale. Tochi ya urujuani huwafanya wang'ae kijani gizani. Pita nayo nje ya nyumba usiku mmoja kabla ya kuamua. Kama nyumba ina bwawa la kuogelea nawe una mtoto mdogo, dai uzio wenye lango linalojifunga. Bila uzio, achana na nyumba hiyo.

Hatua ya 10: Watu

Arizona imepokea Wakongo wengi, na Warundi, Wasomali na Wanyarwanda, na wengi walianzishiwa maisha katika apatimenti za Phoenix ya magharibi-kati na Glendale. Wakenya na Watanzania wametapakaa zaidi, wengi wakifuata kazi za hospitali na nyumba za wazee. Ukitaka ibada ya Kiswahili, mtu wa kukuachia mtoto dharura ikitokea, na sombe bila kuvuka Bonde, upande huo wa Phoenix na Glendale utakufaa mwaka wa kwanza. Anayekwenda Chandler au Peoria hatalala njaa: maduka makubwa ya vyakula vya Asia kama Lee Lee yapo huko, na muhogo na magimbi utavikuta. Waislamu wengi huanzia Tempe, ambako msikiti uko jirani na chuo kikuu.

Mitaa yote ina neema moja sawa. Arizona haibadilishi saa kiangazi na baridi, isipokuwa eneo la Wanavajo, kwa hiyo tofauti na Nairobi au Dar ni saa kumi mwaka mzima. Saa mbili asubuhi huku, kule ni saa kumi na mbili jioni, mama ametoka shamba na simu inapokelewa.

Kabla ya kusaini

Ukiweza, panga kwa mkataba mfupi kwanza na upitishe kiangazi kimoja ndipo ununue. Wapangishaji wengi huomba kipato cha mara tatu ya pango. Anayeanza bila historia ya mkopo aandae barua ya mwajiri na hati za mshahara. Kwa sheria ya Arizona, amana na malipo ya awali ya namna hiyo hayatakiwi kuzidi pango la mwezi mmoja na nusu. Na tangu Januari 1, 2025 miji haitozi tena kodi juu ya pango la makazi, hivyo ukiona mstari huo kwenye hesabu, uulizie.

Siku ya kukabidhiwa funguo, piga picha za kiyoyozi, kichujio, kidhibiti joto kikionyesha namba, na kila dirisha la magharibi. Zitume kwa mwenye nyumba kwa barua pepe siku hiyohiyo. Halafu weka alama kwenye kalenda miezi mitatu kabla ya mkataba kuisha. Ukihamia Oktoba kwa mkataba wa mwaka, tarehe hiyo itaangukia Julai, na utakuwa unajua kama unabaki au unahama.